Mashahidi wa Ndege Mmoja, Bura

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja: ulimwona au hukumwona? Nikijibu kwa neno moja nitakuwa nimemdanganya, kwa hiyo nimeamua kuandika. Wengine wenu hamumo katika kikundi chetu cha watazamaji ndege, basi nianze na ugomvi wenyewe.

Deeqa nilisoma naye chuo kikuu. Sasa anafundisha kemia katika sekondari moja ya Bura, ile Bura ya Fafi, kaunti ya Garissa, iliyo mashariki ya Mto Tana, na ndiye mtu pekee wa kikundi chetu anayeishi upande huo. Kila ndege aliyewekwa kwenye ramani yetu kutoka Fafi ameandikwa na yeye. Mwezi wa pili alituma picha ya ndege mdogo wa kahawia juu ya tawi la mti wa mathenge, koo lake rangi ya chungwa, na chini yake akaandika kwamba ni mdakanzi koo-chungwa. Jina hilo tumelitunga wenyewe, maana Kiswahili hakijawahi kumhitaji ndege huyo. Huzaliwa katika misitu ya mashariki mwa Ulaya, na baridi ikianza hukimbilia India. Katika ramani za vitabu vyote Afrika yetu imeachwa nyeupe.

Picha ilikuwa na ukungu, na mkia ulifichwa na jani. Kwa ndege huyu mkia ndio kitambulisho: ni mweusi, na una weupe pande zote mbili pale unapoungana na mwili. Koo peke yake halitoshi. Kamati ya kikundi ikakataa. Mmoja akasema rangi imeongezwa kwa simu. Mwingine akatania kwamba huyo ni mdakanzi wetu wa kawaida, yule wa kijivu anayetujia kwa wingi kila mwaka, ila wa Garissa amejipaka hina kidevuni kama wazee wa huko. Watu wakacheka. Kisha kamati ikaongeza jambo ambalo halikuchekesha: ikithibitika kwamba Deeqa amekosea kiasi hicho, rekodi zake zote za Fafi zitaondolewa kwenye ramani. Miaka yake yote ya kuamka alfajiri.

Deeqa hakumtukana mtu. Aliandika tu, "Njooni muone."

Mnanijua mimi, Mwende. Sikwenda kumtetea. Nilikwenda kwa sababu sikuwaamini wao wala yeye, na kwa sababu ile dhana ya hina, ingawa ilisemwa kwa mzaha, ilikuwa dhana inayoweza kupimwa. Isitoshe, mvua zilikuwa karibu. Mvua zikianza, ndege wageni huondoka.

Nairobi hadi Mwingi

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa amepakata kioo kikubwa kilichofungwa kwa blanketi. Hakuniuliza naenda kufanya nini. Aliniuliza, "Unaenda kwa nani?"

"Kwa rafiki yangu Garissa. Anaitwa Deeqa."

"Deeqa binti nani?"

Nikataja jina la baba yake, Abdi.

"Abdi wengi kama mchanga. Abdi wa nani?"

Sikujua. Mama akanigeukia mzima mzima, kioo na yeye. "Umesoma na yeye?"

"Miaka minne."

"Umelala chumba moja na yeye?"

"Ndiyo, mwaka wa kwanza."

"Na babu yake humjui." Alisema kama daktari anayesoma majibu mabaya ya maabara. Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu Kitui mtu anaweza kuwa rafiki yako bila wewe kujua babu yake. Akasema basi kwetu watu wanaweza kuoa dada zao bila kujua. Abiria wa nyuma walicheka hadi nikaona aibu, halafu nami nikacheka.

Mwingi tulishuka kula. Hapo nilikuwa nyumbani. Niliagiza muthokoi kwa Kikamba, nikamwagizia na yeye, nikadhani nimerudisha heshima yangu. Akauonja, akatafuna kwa muda mrefu. "Mahindi na maharagwe," akasema. "Mashallah. Na nyama iko wapi?"

Darajani

Kabla ya daraja la Tana abiria wote hushuka, hupanga foleni na kuonyesha vitambulisho. Changu kilitazamwa mara moja. Cha yule mama kiligeuzwa, kikainuliwa juani, akarudishiwa, kikaombwa tena. Nilimuuliza kama hakasiriki.

"Nitakasirika kila safari? Nitabaki na uso gani ya harusi ya binti yangu?"

Mimi kilichonichelewesha ni darubini. Askari kijana aliitoa mkobani, akauliza ni ya nini. Nikasema ya kutazama ndege.

"Ndege wa nani?"

Kabla sijajibu, mama akasema nyuma yangu, "Wa Mungu. Ama hiyo pia iko na kitambulisho?"

Askari alijitahidi asicheke. Aliielekeza darubini mtoni, akatazama, akaendelea kutazama. Palikuwa na mdiria juu ya jiwe, wa buluu kali, ameshika samaki. Foleni ilisimama. Aliponirudishia alisema tu, "Kumbe," na akanipungia mkono nipite.

Garissa

Nilitengana na yule mama stendi, kila mtu na njia yake. Deeqa alikuwa Bura akisimamia mitihani, hakuweza kuja kunipokea, kwa hiyo nililala katika nyumba ya wageni yenye feni iliyozunguka polepole kama inayofikiri. Asubuhi nilikula anjera, chapati laini ya Kisomali, nikanywa shaah, chai ya maziwa ya ngamia, yenye moshi kidogo kwenye ladha, kwa sababu vibuyu vya maziwa hufukizwa kwa miti fulani ili maziwa yasiharibike. Niliuliza miti gani. Mwenye hoteli akaniambia. Nikauliza kwa nini hiyo na si mingine. Akaniletea kikombe cha pili, nadhani ili mdomo wangu upate kazi.

Gari la Bura lilikuwa pikapu yenye magunia ya sukari, na juu ya magunia kitanda kipya cha mbao, kikubwa, chenye maua yaliyochongwa kichwani. Dereva, Yussuf, alisema tunaondoka sasa hivi. Tulingoja godoro. Godoro likaja likawa dogo, likarudishwa. Tulingoja la pili. Mwenye kitanda alipotokea alikuwa amebeba kioo kilichofungwa kwa blanketi.

"Wewe tena," akasema yule mama. "Binti wa mahindi."

Lagani

Barabara ya Bura ni mchanga, miiba na anga. Twiga walisimama kando yake bila haraka kama watu wanaongoja gari. Karibu na saa sita tulifika kwenye laga, yaani mto wa mchanga ambao siku nyingi hauna hata tone. Siku hiyo ulikuwa na maji ya kahawia yaliyokuwa yakivuta magogo, ingawa juu yetu hapakuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, tusikokuona.

Yussuf alizima injini, akashuka, akaweka birika juu ya mawe matatu. Hakuna aliyelalamika. Mimi ndiye niliyeuliza maji yatapungua lini.

"Yakipungua," akasema.

Nilitoa darubini. Yussuf akanitazama kwa jicho lingine kabisa. "Sasa nimejua. Wewe nakuja kubima ardhi."

"Hapana. Sipimi ardhi, natazama ndege."

"Kila mtu nakuja na mashine ya macho. Anasema natazama mawe. Anasema natazama maji. Mwaka nyingine tunaona kigingi."

Alichosema kina mantiki: ameona vyombo, kisha ameona vigingi. Nilimpa darubini, nikamwonyesha kwezi kwenye mgunga, wale wanaong'aa kama mafuta ya taa juu ya maji. Alitazama kwa utulivu. "Subhanallah," akasema, akanirudishia. "Sasa kigingi naweka wapi?"

Yule mama alifungua kopo, akanipa kitu cheusi, kidogo, kigumu. Nikadhani ni njugu zilizoungua. Kumbe ni nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Nilikula mpaka nikaona haya kunyoosha tena mkono.

"Hii ndiyo chakula," akasema, akasogeza kopo karibu nami. "Bura unaenda kwa nani? Si ulisema Garissa?"

"Deeqa yuko Bura. Mwalimu wa kemia."

Mkono wake ulisimama juu ya kopo. "Ile ndefu? Anatembea asubuhi kwenye mathenge kama mtu amepoteza mbuzi?"

"Huyo."

Alimwambia Yussuf jambo kwa Kisomali, na Yussuf akacheka hadi akaweka kikombe chini. Deeqa alikuwa binti wa kaka yake. Yeye ni Eedo Khadija, shangazi, na kitanda kilikuwa cha binti yake anayeolewa wiki hiyo. "Ungesema babu yake anaitwa Dubow, jana ungelala kwa dada yangu Garissa, ungekula nyama, na feni ya bure. Ndiyo maana watu nauliza babu."

Alasiri maji yalishuka hadi magotini. Tulivuka, Eedo akiwa amekaa juu ya kitanda chake katikati ya mto, kioo mapajani, kama malkia anayehama.

Bura

Deeqa alitupokea kwenye lango la shangazi yake. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia, kisha akanishika mabega.

"Umekuja kuniamini ama kunipinga?"

"Kuangalia."

"Afadhali. Wengine wote wameamua bila kuangalia."

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, na siku iliyofuata ilikuwa ya hina. Walinikamata nami nikapakwa, mikono yote miwili, maua hadi kwenye viwiko. Nikakaa kama mfungwa nikilishwa halwa kwa kijiko. Bibi harusi aliniuliza kama ni kweli Nairobi kuna watu wanaolipa kutazama ndege. Nilipomwambia wapo, akasema angejua mapema angewauzia wa kwao.

Hina ilipokauka tuliosha mikono katika karai uani. Maji yakawa mekundu ya kahawia. Hakuna aliyeyamwaga mara moja, maana maji Bura hayamwagwi ovyo. Yaliachwa kwa ajili ya kunyunyizia vumbi. Nikiwa bado nimekaa, shomoro wawili walitua ukingoni, wakaingia, wakaoga. Walipotoka na kujikung'uta kwenye ukuta, matumbo yao yaliyokuwa meupe yalikuwa na rangi ya chungwa.

Nilihisi Deeqa yuko nyuma yangu.

"Sema tu," akasema.

"Nasema nini?"

"Hina."

"Inawezekana."

"Najua inawezekana. Mimi ni mwalimu wa kemia, rangi naijua. Lakini hina haifanyi mkia kuwa mweusi na mweupe."

"Mkia sijauona."

"Mimi nimeuona."

"Peke yako, Deeqa."

Alitazama shomoro wale, ambao walikuwa wanaoga tena kwa furaha kubwa. "Na hawa wajinga nao," akasema, "si wangengoja kwanza uende."

Mathenge

Nje ya mji kuna silanga, bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo, na kando yake kichaka cha mathenge. Kila mtu Bura anauchukia mti huo. Uliletwa kuzuia mchanga, ukazuia na njia, malisho na milango ya watu. Miiba yake hupenya soli za viatu. Lakini una kivuli na wadudu, na hilo ndilo ndege analojali.

Tulikwenda kabla jua halijachomoza. Asubuhi ya kwanza tuliona mdakanzi wa kawaida, wa kijivu, na koo lake lilikuwa safi. Nilimtazama kwa muda mrefu nikitafuta dalili yoyote ya rangi. Asubuhi iliyofuata, ngamia walipokuwa wanaondoka bwawani na kengele zao za mbao, kitu kidogo kiliruka kutoka tawi la chini, kikadaka mdudu hewani, kikarudi kivulini. Nikainua darubini. Koo lilikuwa la rangi ya chungwa, na mpaka wake ulikuwa safi, haukuwa na madoa kama ya shomoro. Jicho lilikuwa kubwa, jeusi, lenye mduara mweupe. Kisha akageuka, akaingia ndani ya kichaka, na mkia wake ukafunikwa na majani.

Deeqa alikuwa ameshika mkono wangu. "Umemwona."

"Nimeona koo na jicho."

"Na mkia?"

"Sikuuona."

"Mwende, wewe unajua ni yeye."

"Nadhani ni yeye."

"Basi andika. Mkia mimi nimeuona mara nyingi. Wewe andika tu uliuona, tumalize. Mvua ikinyesha leo, kesho hayuko."

Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mto. Alikuwa na haki ya kuogopa. Simu yake ilikuwa imepiga picha tatu, zote ukungu, na mimi kamera sina. Nilimwambia siwezi kuandika macho yake kama macho yangu. Alitangulia kurudi nyumbani, akitembea haraka, na miiba ikishika buibui lake hakusimama kuitoa.

Dukani kwa Abti

Abti Bare ni mjomba wa Deeqa, kaka wa mama yake. Duka lake linauza sukari, vitambaa, betri na maneno. Mchana tulipita kununua maji, kila mmoja akitazama upande wake.

"Nini hii?" akasema Abti. "Mnakaa kama ngamia wawili wamenyimwa chumvi."

Deeqa akamweleza. Alianza kwa Kisomali, akamaliza kwa Kiswahili ili nami nisikie: kwamba rafiki yake ameona ndege nusu, na nusu haina faida kwa mtu.

Abti aliacha kupima sukari. Uso wake ulibadilika, ukawa na hamu. "Lakini hii ni mambo ya mwezi."

Nikauliza mwezi gani.

Ilibidi anieleze. Ramadhani inapokaribia kuanza au kuisha, watu hutoka kutazama mwezi mwandamo. Mwezi huo ni uzi tu, hukaa juu kidogo halafu huzama. Anayeuona lazima ashuhudie, na hapo Bura wanaodai wameuona hupitia kwanza kwa Abti na wenzake wawili, kabla habari haijafika kwa sheikh.

"Sisi hatuulizi, umeona mwezi? Hiyo swali ya watoto, kila mtu nasema ndiyo. Tunauliza, ulisimama wapi? Kando yake kulikuwa na nini, wingu ama mti? Pembe yake naangalia wapi? Mmoja ndani, wengine nje, hakuna kusikiza mwenzako. Mwaka moja mtu alikuja mbio, anaapa wallahi. Nikauliza pembe. Akasema naangalia chini. Nikamwambia rudi nyumbani kula, hiyo mwezi umeona kwenye sahani."

"Na wanaokubaliana kila kitu?" nikauliza.

"Hao nafukuza haraka zaidi. Watu wawili hawaoni kitu moja sawasawa mpaka wakae pamoja kwanza."

Nilishindwa kujizuia. "Lakini Abti, siku hizi kuna hesabu. Wataalamu wanajua mwezi utakuwa wapi kwa dakika. Kwa nini msitazame hesabu?"

Wengine wangekasirika. Yeye alifurahi, akaegemea kaunta. "Hesabu nasema mwezi iko wapi. Sawa. Inasema wewe umeona?"

"Haisemi."

"Na hiyo kitabu yenu, nasema ndege iko wapi?"

"Inasema yuko India."

"Inasema Deeqa hajaona?"

Deeqa alikuwa amegeuka kunitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Usifurahi," Abti akamwambia. "Wewe ndiye mwenye hamu. Kwetu mwenye hamu anaulizwa mwisho." Akataka shahidi mwingine, mtu asiye upande wa yeyote kati yetu katika jambo hili na asiyejali ndege. Akafikiri. "Khadija. Ile mama hajawahi kunibendeza hata kwa bahati mbaya. Hawezi kusema uongo kwa faida yangu."

Asubuhi ya mashahidi

Eedo Khadija alikuja akinung'unika kwamba ana harusi, ana wageni, ana mchele wa kuchagua. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kidogo, na mchanga ulikuwa na harufu ile ambayo hakuna anayeweza kuibishia. Deeqa alitupanga mbali mbali, kila mmoja kivulini kwake. Hakumwambia shangazi yake atazame nini. Alisema tu, "Atatoka ndege mdogo pale chini. Mtazame mzima, kuanzia kichwani hadi mwisho."

Tulikaa. Ngamia walikuja, wakanywa, wakaenda. Mbu walitumaliza. Jua likapanda, na nikaanza kuamini kwamba ameondoka na mvua ya usiku. Deeqa alikuwa na darubini yake, nami yangu, na Eedo hakuwa na kitu.

Kwanza tulimsikia. Sauti kavu, fupi, kama mtu anayefunga zipu ya mkoba. Kisha akatoka, akatua kwenye tawi tupu kando ya jiwe kubwa, upande wa Eedo. Nikaona kwa pembe ya jicho Deeqa akivua darubini shingoni, akinyemelea hadi kwa shangazi yake, akimvisha, na kumwelekeza kwa kidole. Halafu sikuona tena watu.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mwepesi kama kitu kilichosahauliwa na upepo. Alishusha mabawa kidogo, akainua mkia wima, akaushusha polepole, akauinua tena. Mweusi, na pande mbili chini yake nyeupe, safi kabisa, kama mtu aliyevaa koti jeusi na shati likichungulia. Ndege ambaye uzito wake haufiki wa sarafu chache alikuwa amevuka nchi zote zile, akakosea njia au akachagua nyingine, akapata mti uliochukiwa na kila mtu akaufanya nyumbani. Aliruka, akadaka, akarudi, akaimba kidogo, sauti nyembamba inayoshuka kama ngazi. Nilitazama mpaka macho yakanitoka machozi, na sitaki kusema yalikuwa ya kukodoa tu. Kisha akaenda.

Hakuna aliyezungumza. Ndivyo tulivyoagizwa. Tulirudi mjini mmoja mmoja, mbali mbali, kama watu waliogombana.

Abti alifunga mlango wa duka nusu. Mimi niliingia wa kwanza. Nilisimama wapi? Jua lilikuwa upande gani wangu? Tawi lilikuwa na majani? Mkia ulifanya nini kwanza, kupanda au kushuka? Nilijibu, na palipokuwa na shaka nikasema nina shaka. Nimefanyiwa mitihani ya chuo kikuu na watu wenye shahada tatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa uangalifu wa namna ile nimejuaje ninachosema najua.

Eedo aliingia, na hata kutoka nje tulisikia anamgombeza Abti kwa kumchelewesha. Mwisho akaingia Deeqa. Hakukaa sana.

Abti alituita wote barazani. "Mgeni ameona mkia," akasema. "Khadija ameona mkia. Anasema nyeupe imekaa chini kama mtu amekunja kanzu. Na anasema ndege imekaa kulia kwa jiwe, mgeni anasema kushoto, kwa sababu walikaa pande mbili. Hiyo nimebenda. Deeqa hakuona mkia."

Nilimgeukia. "Hukuona?"

"Nilikuwa nimempa Eedo darubini. Kwa macho matupu niliona ndege mdogo anachezacheza, basi."

"Lakini umeuona siku nyingine. Ungeweza—"

"Aliniuliza ya leo." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Akaniuliza mara mbili."

Eedo Khadija alimwondolea mpwa wake mwiba uliokuwa umebaki kwenye buibui. "Twende," akasema. "Mchele hautajichagua."

Kurudi

Mvua kubwa ilianza siku ya harusi, katikati ya ngoma. Tulikwenda bwawani mara mbili baada yake, na mathenge ilikuwa kimya. Sikuumia nilivyotarajia. Laga ilinizuia tena, safari hii upande wa pili, na Yussuf alinitambulisha kwa abiria wenzangu kama mtu wa ndege, si mtu wa vigingi.

Nilituma ushahidi wetu wote watatu kwa kamati kama ulivyokuwa, kila mmoja kwa maneno yake. Sikuunganisha wala kusawazisha. Kisha mwenyekiti alinipigia simu. Alikuwa amesoma, alisema, na ushahidi wangu na wa yule mama unatosheleza, hasa ule mgongano wa kulia na kushoto. Lakini kuna tundu moja linalomsumbua. Mwenye ndege mwenyewe, ambaye rekodi zake zote ziko hatarini, ameandika kwamba siku hiyo hakuuona mkia. Kwa nini aandike hivyo?

"Kwa sababu hakuuona," nikasema.

Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Basi rekodi zake ziache zote," akasema. "Na ndege huyu mwandike kwa jina la Deeqa."